Mama Yako Anakusalimu

Machi 3

Mvua imeanza leo mchana bila hodi. Mashati ya mjukuu wangu yalikuwa kambani, yamelowa yote. Nimeyaanua nikiitukana mvua, na mvua haikujibu.

Shule sikuiona hata mlango. Herufi nilifundishwa na mjukuu huyu huyu alipokuwa darasa la pili, akinigonga vidole kwa rula kila nilipokosea. Sasa ni mtu mzima, anatunga programu za kompyuta, na ndiye aliyeniletea daftari hili. "Andika, bibi, akili isilale." Akili yangu hailali, kinacholala ni miguu. Lakini haya, naandika.

Tuko wawili humu ndani. Mama yake, mwanangu wa pekee, yuko kule juu malishoni, msimamizi wa kituo cha maziwa. Wafugaji wanaleta madebe, yeye anapima, anamimina kwenye tangi la kupozea, na tangi likikaribia kujaa anaita lori. Zamani aliita kwa simu. Ofisini alikuwepo mwanamke wa kupokea simu hizo, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Tangu mwaka jana simu zimepigwa marufuku. Unabonyeza kwenye skrini, programu inamwita dereva. Programu hiyo kaitunga mjukuu wangu.

Alimwahidi mama yake kwamba hakuna atakayeachishwa kazi. Naye aliahidiwa hivyo na meneja. Siku programu ilipowashwa, yule rafiki alipewa mfuko wa kubebea vitu vyake. Mwanangu hakutaka kujua nani alimdanganya nani. Mama na mtoto hawajasemezana tangu siku hiyo. Wote wawili wanasema na mimi.

Machi 5

Mwanangu kapiga simu jioni, kama kila jioni.

"Shikamoo mama. Huyo mhandisi wako yupo?"

"Marahaba. Yupo, anatafuna kucha."

"Mwambie majani yameota, ng'ombe wanashiba, maziwa yanakuja. Tuone hicho kidude chake kitafika wapi. Na kikimshinda asije kunililia mimi."

Nikaweka simu chini. Mjukuu akauliza bila kuinua uso kwenye kompyuta, "Kasemaje?"

"Mama yako anakusalimu."

"Mwambie nami namsalimu," akasema, kama mtu anayetema mbegu.

Machi 9

Mvua. Paa linavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka ndoo.

Machi 14

Mjukuu, mke mwenzangu, karudi amenuna. (Namwita mke mwenzangu kwa sababu babu yake, Mungu amrehemu, alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sijasahau.) Nikamwekea chakula, akakiangalia tu.

"Nani kakufanya nini? Nimfuate na mwiko?"

"Programu imeganda, bibi. Nusu saa nzima. Vituo vyote."

Nikamwambia anieleze, maana mtu anayenuna bila maelezo ananiharibia chakula. Akaanza na maneno ya kwao, chaneli sijui nini. Nikamkatiza. Chaneli ninayoijua mimi ni ya televisheni.

Akacheka kidogo. Akasema, "Lile jukwaa la mbao nje ya kituo cha mama, unalikumbuka? Mfugaji anaweka debe lake juu, anarudi zake nyumbani. Hasubiri mtu. Mimi nimejenga jukwaa kama lile ndani ya programu, katikati ya anayebonyeza na anayemwita dereva. Lina nafasi ishirini. Ukibonyeza, ujumbe unakaa jukwaani, unaona tiki, unaendelea na kazi zako."

"Basi vizuri."

"Vizuri kama anayeyaondoa madebe anayaondoa. Ni mmoja tu. Akimwita dereva, hachukui ujumbe mwingine mpaka dereva ajibu. Leo ilikuwa zamu ya Taratibu."

Taratibu ni dereva wa lori kuukuu. Jina linamtosha.

"Taratibu alikuwa bondeni, hakuna mtandao. Yule wa kuondoa akasimama anamngoja. Huku nyuma watu wanabonyeza, wanaona tiki, wanafurahi. Jukwaa lilipojaa, kila aliyebonyeza akaganda."

"Si umesema hakuna anayesubiri?"

"Ndivyo nilivyodhani." Akasukuma sahani. "Nilidhani ukiweka nafasi za akiba, hakuna atakayezuiwa. Kumbe wanazuiwa vilevile. Tofauti ni kwamba wanachelewa kujua."

Kamwambia meneja ampe wiki moja atengeneze, ili dereva asiyejibu aachwe na aitwe mwingine. Meneja kamwambia, "Wiki ya nini? Ongeza tu nafasi." Ishirini zimekuwa mia. Programu ikaanza kwenda, ofisi nzima ikampigia meneja makofi.

Tumempa jina. Bwana Ongeza.

Machi 15

Kabla ya kwenda kazini mjukuu kasimama mlangoni na mwavuli.

"Bibi, mama akipiga, mwambie tiki maana yake ujumbe umewekwa tu. Si kwamba dereva kaupata. Lori likichelewa ampigie dereva mwenyewe, kanuni aikanyage. Si yeye hodari wa kukanyaga watu? Alivyonikanyaga mimi mbele ya wafanyakazi wenzake, basi akanyage na kanuni. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Mwanangu akapiga jioni. Nikafungua mdomo. Nikaona maneno yale yana mfupa, yatamkwama. Nikajaribu kutenganisha nyama na mfupa, nikashindwa, maana ya tiki sikuielewa vizuri na ya kukanyaga niliielewa sana. Nikasema, nitayatoa yakipoa.

"Binti yako anakusalimu."

"Hm," akasema mwanangu.

Machi 22

Nimepaka miguu mafuta. Mvua.

Aprili 2

Imeganda tena. Safari hii haikuwa nusu saa, ilikuwa asubuhi nzima. Zile nafasi mia zilimeza ujumbe kimyakimya tangu usiku, hakuna aliyeshtuka. Bwana Ongeza kaagiza ziwe mia tano, kisha akawanunulia wote soda.

"Umekunywa?" nikamuuliza mjukuu.

"Nimekunywa."

"Basi ungemmwagia."

"Bibi, yule ndiye anayenilipa."

Kweli. Nami hela zake ndizo ninazokula. Nikatoa maji ndooni.

Aprili 8

Mwanangu kapiga mapema leo. Nyuma yake nasikia mvua juu ya mabati na watu wakigombana.

"Mama, sikiliza. Mwambie huyo msomi wako, mashine yake inaniambia imepokea, na lori haliji. Jana nimebonyeza asubuhi, lori limefika jioni. Leo hivyo hivyo. Ni mwongo, ameirithisha na mashine yake uongo. Alinitazama machoni akasema hakuna atakayefukuzwa, na hicho kitu kinanitazama vilevile na tiki yake. Mwambie!"

"Mwanangu, punguza—"

"Usinipunguze, mama. Mwambie."

Mjukuu alikuwa amelala kwenye kiti na viatu miguuni. Macho yamemzama. Niliposogea akaamka. "Mama huyo? Kasemaje?"

Ningeanzia wapi? Mtoto kachoka, namtupia mwongo usoni?

"Anakusalimu."

Akanitazama kidogo. "Siku hizi ananisalimu sana."

"Ni mama yako."

Akalala tena. Nimemvua viatu.

Aprili 9

Kapiga. Kasema yaleyale. Anakusalimu.

Aprili 10

Anakusalimu.

Aprili 12

Mvua imebeba daraja dogo la njia ya malishoni, wanapita kwa mbao. Mwanangu kaniuliza, "Huyo mtoto hajibu kitu? Namwambia kituo kinazama, na yeye salamu?" Nikasema ana kazi nyingi. Akasema, "Basi nimeelewa."

Hakuelewa. Lakini nilishamaliza kusema.

Mjukuu naye kasema leo kwamba kama mama yake angekuwa na shida angesema, si ana mdomo. "Kituo chake ndicho pekee kisicholalamika, bibi. Labda kule mambo ni mazuri."

Nimejifunika kanga mbili. Nimesema ni baridi.

Aprili 18

Leo naandika tangu asubuhi, nakata na kurudia, asomaye anisamehe.

Mwanangu kaingia bila kubisha. Buti za mpira mpaka magotini, koti la kituo, tope, na harufu. Harufu ya maziwa yaliyochacha hata barabarani wameisikia. Mjukuu alikuwa anafunga mkoba wa kazi. Mwaka mzima hawajaonana, wakaonana hivyo, katikati ya chumba changu, ndoo ikidondokewa na maji.

Hakumtazama mtoto wake. Kanitazama mimi.

"Nimeyamwaga, mama. Maziwa ya siku mbili. Nimefungua koki kwa mkono wangu huu."

Nikamwambia aketi. Hakuketi. Akasimulia akiwa amesimama.

Juzi alibonyeza tangi lilipokaribia kujaa. Tiki. Lori halikuja. Akabonyeza tena. Tiki. Wafugaji wanaendelea kuleta, ng'ombe hawajui kama lori limechelewa. Akajaza tangi, akajaza madebe, akajaza mpaka ndoo za kudekia. Akapiga simu ofisini, ile namba ya zamani. Ikalia weee. Kwenye meza ya rafiki yake siku hizi wameweka mtungi wa maji. Dereva mwenyewe akaogopa kumpigia, maana mwezi uliopita msimamizi wa kituo cha pili alimpigia dereva wake akaachishwa kazi kwa kuvunja kanuni. Jana adhuhuri akabonyeza tena, skrini ikaganda na kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Maziwa yakawa yamenuka. Akafungua koki. Yakateremka barabarani meupe, yakakutana na tope, na wafugaji wamesimama na madebe yao wanatazama. Kuna bibi kama mimi, kasema, aliinama akayachota kwa kiganja, akayaachia.

"Halafu ofisi wakaizima mashine wakaiwasha. Meneja wenu akatafuta ndani, akasema hakuna ujumbe wowote uliotoka kituoni kwangu. Hakuna hata mmoja! Akaniambia mbele ya watu kwamba nililala kazini. Wameniambia nivue koti. Sijavua."

Mjukuu alikuwa ameshika ukuta. "Jumbe zako zilikuwa jukwaani," akasema polepole. "Zile mia tano. Zinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Ukiizima, zinapotea zote." Kisha akainua kichwa, akapandisha sauti. "Lakini kwa nini hukusema? Lori linachelewa siku zote hizo, hukusema neno!"

Hapo mwanangu akageuka.

"Sikusema? Mimi? Nimesema kila siku tangu tarehe nane! Nimekuita mwongo, nimekuita kila jina, na kila siku nikasema lori haliji!"

"Kwa nani?"

"Kwa bibi yako!"

"Bibi kasema unanisalimu."

"Mimi nikusalimu wewe?"

Tone likaanguka ndooni, tone jingine. Wakanigeukia kwa pamoja, macho yaleyale, maana wamefanana kama shilingi kwa ya pili.

"Na mimi," mjukuu akasema, "mwezi uliopita nilimwagiza akwambie usiiamini tiki. Akwambie umpigie dereva mwenyewe. Bibi. Si ulimwambia?"

Nimezaa, nimezika, nimefukuza mwizi na pasi ya moto. Leo niliitazama ndoo.

"Yalikuwa na matusi," nikasema. "Yote yalikuwa na matusi. Niliyaweka yapoe."

Mwanangu akacheka, kicheko kibaya. "Yapoe. Mama, nilikupa maneno uyafikishe. Sikukupa uyatunze."

"Nilitaka amani."

"Amani ya nani? Mimi nilijua ameyasikia akanidharau. Yeye alijua mimi niko salama. Ni wewe peke yako uliyelala na amani humu ndani."

Akatoka. Alama za buti zake bado ziko sakafuni. Mjukuu katoka nyuma yake, hakuniaga. Sijafuta.

Aprili 19

Simu haikulia jioni.

Aprili 21

Haikulia. Mjukuu anaitikia salamu, basi. Anakula amesimama.

Aprili 25

Nimekwenda kituoni. Hakuna aliyenialika, nimejialika. Kampuni iliita mkutano na wafugaji kueleza kwa nini maziwa yao yalimwagwa, na mjukuu alitakiwa aje kushika kipaza sauti cha bosi wake. Ametembea mbele, mimi nyuma, juu ya zile mbao. Katikati akasimama bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma. Nikaushika. Tulipovuka akauachia.

Mwanangu alikuwa pembeni ya tangi tupu, bado na koti.

Bwana Ongeza kavaa viatu vyeupe kuja kwenye tope, hapo utajua akili yake. Kasema kampuni inasikitika, kasema uzembe wa mtu mmoja, kasema hatua zimechukuliwa. Wafugaji wakamtazama mwanangu. Mmoja akamrushia neno, "Usingizi ulikuwa mtamu, mama?" Watu wakacheka. Mwanangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kutukana, akafunga tu kifungo cha koti.

Mjukuu akakiweka kipaza sauti chini. Akaita, "Taratibu! Zima simu yako."

Taratibu akaizima, taratibu.

Akatoa kompyuta mkobani na ile skrini ya kubonyezea, akaviunganisha. Kisha akamwendea mama yake. Mbele ya watu wote wale akasema neno lake la kwanza mwaka mzima lisilo na kisu.

"Mama, bonyeza."

Mwanangu akautazama mkono ulioshika skrini. Akabonyeza. Tiki.

"Inasema nini?"

"Imepokelewa," akasema mwanangu.

"Taratibu, umepokea nini?"

"Nipokee wapi, dada, na simu umenizimisha?"

"Bonyeza tena, mama."

Tiki. Tena. Tiki. Watu wakasogea. Waliocheka hawakucheka tena. Yule mrusha maneno akauliza, "Kwa hiyo alama hii ni ya uongo?"

"Ni kweli kwamba ujumbe umewekwa. Hakuna anayejua kama umefika. Mimi ndiye niliyeijenga hivyo, na niliijua kasoro yake kabla maziwa hayajamwagwa. Huyu alibonyeza. Alibonyeza mara zote."

Bwana Ongeza akaingilia, "Jamani, haya ni mambo ya kitaalamu, tusiwachoshe wazee."

"Tuchoshe," akasema mwanamke mmoja mwenye debe tupu kichwani. "Kazi gani tuliyo nayo leo?"

Mjukuu akaeleza yote, jukwaa, mia, mia tano, na nani aliagiza. Nilitaka kupiga kigelegele, nikaona si mahali pangu. Nilipomtafuta mwanangu kwa macho alikuwa amegeuka, anafuta tangi kwa kitambaa. Tangi lilikuwa safi.

Mei 6

Basi haya ndiyo malipo.

Mwanangu wamemsafisha jina. Wamempa pole na mkono. Kituo hawakumrudishia, walishamweka kijana mwingine, wamesema haitakuwa haki kumwondoa. Haki wameikumbuka hapo.

Mjukuu hana kazi. Kaaibisha kampuni mbele ya wateja. Alirudi na mfuko wa vitu vyake, na nilipoutazama nikajua ndio mfuko uleule wanaowapa wote.

Na Bwana Ongeza? Yupo. Kaongeza. Nafasi elfu mbili.

Nilimuuliza mjukuu kama sasa itafaa. "Mpaka lini?" akajibu.

Mei 11

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia, bibi." Sasa najua kusikia ni nini katika nyumba hii.

Mei 20

Jua. Mashati yamekauka kabla sijamaliza kuyaanika. Ndoo nimeirudisha jikoni.

Majani yatakauka, ng'ombe watapunguza, maziwa yatapungua, na ile programu haitaganda tena mpaka mvua zijazo. Watasema imepona. Bwana Ongeza atapandishwa cheo kwa jua.

Jioni simu ikalia. Tangu ile siku ya buti ilikuwa haijalia. Niliishika kwa mikono miwili kama yai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Akakohoa. "Nimesikia wamemwondoa. Mwambie... mwambie alikuwa mjinga kusimama pale. Mwambie angekaa kimya angekuwa na kazi yake. Mjinga kama mimi. Na mwambie—"

Mjukuu alikuwa mezani, mgongo kwangu. Hakuuliza kasemaje. Siku hizi haulizi.

"Sibebi," nikasema.

"Nini?"

"Sibebi tena, mwanangu. Sina nafasi hata ya salamu."

Nikatembea mpaka mezani, nikaibonyeza ile ya sauti kubwa, nikaiweka simu mbele ya mtoto wake, kando ya kikombe chake cha chai. Nikachukua kiti changu, nikatoka nacho nje.

Naandika haya kibarazani. Dirisha liko wazi. Hakuna anayesema. Nasikia pumzi kwenye simu, na pumzi mezani, na jogoo wa jirani asiyejua saa. Vidole vinaniwasha niingie nikaseme, jamani, mnasalimiana. Nimevikalia.

Chai imepoa sasa. Hajakata simu hata mmoja.